Sawako, filme yenye wamama wengine wanasema haitembee



Tangu zile Siku za Posho tatu zenye tuliangalia Sawako pamoja, maoni yanaendelea kutufikia: ku soko, ku mulango wa masomo, hata katikati ya likelemba, wakati tunapaswa kuhesabia feza. Hatujaona filme ingine yenye imegawanya kikundi chetu namna hii. Wamoja wanasema ni filme ya kulalisha watu. Wengine wametuomba flashi kusudi waiangalie tena ku nyumba. Baba mumoja alitutumia neno kupitia bibi yake kwamba michoro ni ya watoto wadogo, lakini bibi yule yule alituambia kwamba bwana wake alisimama nyuma ya mulango na kuangalia sehemu 4 nzima. Basi, wiki hii tunakusanya maoni hayo, na tutasema yetu pia.

Kwa wale wenye hawakukuwa, tueleze kidogo. Jina la Kijapani ni Kimi ni Todoke. Maana yake ni karibu na kusema "Ikufikie", sawa mutu mwenye anatuma neno na anatamani lifike kwa mwenye anatumiwa. Mwanzoni kilikuwa kitabu cha michoro. Mwanamuke mwenye alikiandika na kukichora anaitwa Karuho Shiina. Kilianza kutoka kidogo kidogo katika gazeti la wasichana mwaka wa 2005, kikaisha mwaka wa 2017, vitabu 30 kwa jumla. Katika mwaka wa 2008 kilipata zawadi ya Kodansha, yenye ni zawadi kubwa ya vitabu vya namna hiyo kule Japani. Wenye wanasoma Kifaransa wanakijua kwa jina la Sawako, na sisi tunashika jina hilo. Filme ilitengenezwa na nyumba inayoitwa Production I.G, ikapita ku televizyo ya Japani kuanzia mwezi wa 10 mwaka wa 2009 mupaka mwezi wa 3 mwaka wa 2010, sehemu 25. Musimu wa pili ulikuja katika 2011. Wa tatu ulikawia sana, mupaka 2024. Nyumba hiyo inajulikana zaidi kwa filme za mapolisi na mashini za kupigana, kwa hiyo tulishangaa kuona inatumia dakika nzima kutuonyesha musichana mwenye anatafuta namna ya kusema asante. Kikundi kiliangalia musimu wa kwanza, na maneno ya Kifaransa chini ya picha, na tulikuwa tunayageuza kwa Kiswahili kwa sauti. Kazi hiyo inakausha koo.

Mambo yanatokea kaskazini ya Japani, ku kisiwa cha Hokkaido, pahali penye teluji inaanguka sana. Sekondari yao ya juu ni ya miaka 3, kuanzia miaka 15, na mwaka wa masomo unaanza mwezi wa 4, wakati miti inatoa maua. Sawako Kuronuma ana miaka 15, yuko mwaka wa kwanza. Ana nywele ndefu nyeusi, uso mweupe, haya nyingi. Akijaribu kucheka mbele ya watu, cheko linatoka vibaya mupaka watu wanarudi nyuma. Hilo ndilo kosa lake lote. Sasa, katika mwaka wa 1998 Wajapani walitoa filme ya kuogopesha inayoitwa Ring, na ndani yake kuko muzimu wa musichana mwenye nywele ndefu za kufunika uso, anaitwa Sadako, anatoka mu kisima na mu televizyo na watu wanakufa. Sawako, Sadako: sauti moja tu imebadilika. Watoto wa darasa wakaanza kumuita Sadako. Kisha wakasema anaona mizimu. Kisha wakasema ukimuangalia mu macho sekunde 3, bahati mubaya itakufuata. Hakuna mwenye alimuuliza yeye mwenyewe. Na mutoto huyu, mwenye kila siku anajaribu kufanya angalau tendo moja la wema, anatupa takataka za darasa, anatunza maua ya masomo, na anasema samahani kwa kuogopesha watu.

Hapa tuanze na maoni yenye yalikuwa na nguvu kuliko yote, na hayakuhusu mapendo hata kidogo. Wakati ile habari ya sekunde 3 ilipita, tuligeuza maneno, na nyumba ikanyamaza. Mama mumoja mwenye anashona vikwembe akasema: "Kumbe na kule wanafanyia watoto vile." Hatukuhitaji kumuuliza alitaka kusema nini. Hapa kwetu kila mumoja anajua mutoto mwenye alianza na jina. Mutoto alikuwa anakojoa ku kitanda, ao alikuwa mwembamba sana, ao alikuwa anasema peke yake, ao alibakia yatima kwa mama mudogo mwenye hana kitu. Mutu akamuita mulozi kwa kuchekelea tu. Kisha bibi wa jirani akaugua, na lile neno la kuchekelea likawa neno la kweli, mutoto akanyimwa chakula na kupelekwa ku maombi ya usiku, na mwishowe anaonekana ku soko analala chini ya meza. Katika filme ya Wajapani mambo hayafikie pale. Sawako ana nyumba, ana chakula, na wazazi wake wanamupenda. Lakini mulango wa kuingilia ni ule ule: mutoto mwenye ni tofauti kidogo, jina, kisha woga wenye unatafuta ushuhuda.

Tukumbushe kitu kimoja, juu wamama wawili walituuliza kisha filme. Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaweka azabu kwa mwenye anafanya hivyo. Mutu asiwaambie kwamba ni mambo ya familia.

Sisi wenye tunafundisha, kuko kitu kingine kilitugusa. Mwalimu wa darasa lao, Arai, wenye wanafunzi wanamuita Pin, yeye pia anamuita Sadako. Si mutu mubaya. Ni mutu wa makelele na wa kuchekesha, na wamama walimupenda sana. Lakini jina likitoka mu kinywa cha mwalimu, linakuwa sawa limepigwa muhuri. Watoto wanajua hilo mbele yetu. Mu darasa la watoto 60, ni rahisi kumuita mutoto "ule murefu", "ule wa nyuma", "Kigugumizi", juu majina 60 yanakawia kuingia mu kichwa. Tunaliacha pale.

Wazazi wake walimupa jina Sawako, na alama yenye wanaandikia jina hilo ina maana ya kitu safi na chenye kuburudisha, sawa hewa ya asubuhi kisha mvua. Kule Japani wanafunzi wanaitana kwa jina la familia. Kuita mutu jina lake mwenyewe ni hatua, na watu wanaona hatua hiyo. Kwa hiyo wakati wasichana wawili wa darasa, Ayane Yano na Chizuru Yoshida, wanaanza kumuita Sawako, hilo ni tukio kubwa katika filme hii kuliko busu katika filme zingine. Na ni hapa sasa tunafika ku ugomvi wetu.

Mama mwenye anauzisha makala alisema waziwazi: filme haitembee. "Tangu saa nane niko hapa. Kijana anamupenda, musichana anamupenda, kila mutu mu nyumba hii ameona, hata mutoto wa mugongoni. Wasemezane, tuende kupika bukari." Watu walicheka, na wengi waliitika. Kwa hesabu alisema kweli. Kijana, Shota Kazehaya, anaonekana katika sehemu ya kwanza. Alipotea njia siku ya kwanza ya masomo, Sawako akamuonyesha, naye akamushukuru na cheko la kweli. Tangu pale mupaka wanaambiana kwamba wanapendana, ni sehemu zaidi ya 30, mupaka ndani ya musimu wa pili, wakati wa sikukuu ya masomo. Musimu wa kwanza mzima hauna hata busu moja kati yao. Unaisha ku mwaka mupya, wamesimama mu baridi.

Lakini tuangalie vizuri ni nini inafanyika katika sehemu hizo. Kuko siku wanabadilisha viti mu darasa kwa kupiga kura. Wenye wanaangukia kando ya Sawako wanatetemeka, na yeye anaona vile wanatetemeka. Kazehaya anakuja kukaa karibu naye, na Yano, Chizuru na kijana mukimya Ryu wanakuja pia. Hakuna mwenye anatoa hotuba, ni meza na viti tu. Msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, mwenye alikuwa kati yetu, alisema kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye alilia, na wamama wengi hawakuelewa juu ya nini. Mwenye amekaa peke yake ku banki mwaka mzima, na banki zingine zikiwa na watoto wane wane, ataelewa.

Kuko pia sehemu ya mvua na mutoto wa imbwa. Kuko Sawako mwenye anawafundisha wenzake mbele ya mitihani, juu ana akili ya masomo, na wanafunzi wanashangaa kwamba muzimu anaeleza vizuri kuliko kitabu. Kuko usiku wa kuogopeshana, muchezo wenye Wajapani wanafanya wakati wa joto: vijana wanapita mu giza, na wengine wanajificha ili kuwashitusha. Sawako anajitolea mwenyewe kuwa muzimu. Anafurahi sana kwamba mara hii atasaidia watu na lile jina. Wamama walicheka hapo. Tulicheka pia, lakini hatukucheka vizuri.

Kwa hiyo, juu ya mwendo, sisi hatukubaliane na mama wa makala, hata kama tunamuheshimu. Filme inatembea kwa mwendo wa mutu mwenye anajifunza kwamba anaweza kupendwa. Mwendo huo hauwezi kuwa wa haraka. Mutu mwenye kwa miaka hajasikia neno zuri, ukimuambia neno zuri leo anadhani ni la mwingine, anaangalia nyuma yake. Sawako anafanya hivyo kabisa. Kila mara Kazehaya anamuambia kitu chema, yeye anafikiri ni huruma, ao ni adabu yake tu kwa watu wote. Tena kwa Wajapani kuko desturi yenye inaeleza mengi: vijana wawili hawahesabiwe kuwa pamoja mupaka mumoja aseme wazi kwa kinywa chake na mwingine ajibu. Mbele ya neno hilo, hata wakitembea pamoja kila siku, hakuna kitu. Ndiyo maana neno ni zito hivyo, na jina la filme ni "Ikufikie".

Maoni ya tatu ni ya mama mwenye aliwahi kuwa kiongozi wetu, na yanastahili kusikilizwa. Alisema Sawako ni munyenyekevu kupita kipimo. Anainamisha kichwa kwa watu wenye wanamukimbia. Anawashukuru wakimuomba kazi yenye hakuna mwenye anaitaka. "Musiwaonyeshe binti zetu kwamba kuvumilia hivyo ni uzuri. Wanaume wanatafuta wasichana wa namna hiyo, na si kwa mema." Tulifikiri juu ya hilo siku kadhaa.

Jibu, tunaona, liko katika ile habari ya masengenyo. Mu masomo wanasema Yano amelala na wanaume 100, na Chizuru alikuwa zamani musichana wa kupiga watu, na wanasema ni Sawako mwenye alieneza. Sawako anasikia pia kwamba wenye wanatembea naye wanachafuka jina. Basi anajitenga nao, kusudi wapate kuwa salama. Hapa mama kiongozi alipiga mukono ku meza, na alikuwa na haki. Lakini siku moja, mu choo cha wasichana, anawakuta wasichana wenye wanasengenya hao wawili. Na yule mwenye hawezi kusema samahani bila kutetemeka anasimama na anakataa kuondoka mupaka waondoe maneno yao. Wanamusukuma, anabaki. Si juu yake mwenyewe, ni juu ya Yano na Chizuru. Na hao wawili wanafika na kusikia.

Nusu ya nyumba ilipiga makofi. Tunakubali kwamba swali linabaki: musichana mwenye anajua kutetea wengine na hajui kujitetea yeye, tumuite hodari ao tumuhurumie? Filme haijibu haraka. Inamupeleka kidogo kidogo mupaka aseme "ninataka", neno lenye hakulitumia hata mara moja mwanzoni. Tuliwaomba wasichana wahesabie ni mara ngapi anasema samahani katika sehemu za kwanza na ni mara ngapi katika sehemu za mwisho. Walichoka kuhesabia za kwanza.

Juu ya Kazehaya tutapita haraka. Wasichana walisema kijana wa namna hiyo hayuko hapa duniani. Wamama walisema yuko, lakini kisha ndoa anabadilika. Kwa kweli si malaika: ana wivu, na yeye pia anashindwa kusema, na katika musimu wa pili kushindwa kwake kunamuumiza Sawako. Kitu kizuri chake ni kwamba hakumuokoa Sawako kwa nguvu. Alimukaribia, akangoja, akamuacha ajisemee mwenyewe.

Kuhusu Kurumi, tulikawia mupaka giza. Jina lake ni Ume Kurumizawa, muzuri sana wa uso, anamupenda Kazehaya tangu masomo ya mbele, na ni yeye mwenye alitunga masengenyo yale. Anajifanya rafiki ya Sawako na kumuomba amusaidie kumupata kijana. Wamama wengi walisema: nyoka. Wachache, na sisi ni kati yao, tulimusikitikia. Angalieni kitu kimoja: musichana huyu hapendi jina lake la kweli, Ume, juu lina sauti ya wazee, basi anataka watu wamuite Kurumi. Mumoja alipewa jina la kumuzika, mwingine alijichagulia jina la kujipamba, na hakuna mumoja kati yao mwenye watu wanamujua. Kurumi alisema neno lake kwa Kazehaya mbele ya Sawako kusema lake. Alikataliwa. Alilia. Na mbele ya nani alikuwa anaweza kulia bila kujificha? Mbele ya Sawako. Mama wa vikwembe alisema adui wake wa zamani ku soko ndiye mutu mwenye anamujua kuliko dada zake. Hakuna mwenye alimupinga.

Chizuru naye alipata machozi yake, na tulilia pamoja. Tangu utoto alimupenda Toru, kaka mukubwa wa Ryu, na siku moja Toru anarudi ku nyumba na muchumba wake. Hakuna mwenye kosa. Ryu, mwenye anampenda Chizuru na hasemi, anakaa naye tu. Wamama wenye walisema filme haina kitu walikuwa wanapangusa macho na vikwembe, tuliwaona.

Sasa wazazi. Baba mwenye alikuwa nyuma ya mulango alitaka kujua juu ya nini baba na mama ya Sawako hawakwenda ku masomo kulalamika. Swali zuri. Ni watu wapole, wanamupenda binti yao mupaka wanachekesha, zaidi sana baba. Lakini Sawako hawaambie. Anarudi ku nyumba, anasema siku ilikuwa nzuri, juu katika macho yake ilikuwa nzuri: mutu alimusalimia. Wazazi wenye wanapenda wanaweza kukosa kujua. Siku ya kuzaliwa kwake ni tarehe 31 mwezi wa 12, siku yenye familia za Japani zinakaa pamoja kungojea mwaka mupya. Mara hii anaalikwa na marafiki kwenda kuomba ku hekalu usiku, na baba anabaki nusu na furaha, nusu na huzuni ya baba. Wamama wenye wana mabinti wakubwa walinyamaza hapo.

Kuko pia maoni yenye tunayaheshimu ya mama mumoja wa maombi, mwenye alisema hatupaswe kuonyesha wasichana wa miaka 15 mambo ya mapendo. Tunamujibu kwa upole kwamba wasichana wetu wanaangalia kila mangaribi novela zenye ndani yake mwanaume anapiga kofi bibi yake na muziki unapigwa, na hakuna mwenye anafunga televizyo. Hapa wanaona kijana mwenye anaomba ruhusa kwa macho mbele ya kukaa karibu. Wanaona pia kwamba urafiki wa Yano na Chizuru unakuja mbele ya mapendo ya Kazehaya, na kwamba bila hao wawili Sawako hangeweza kusimama mbele yake. Ikiwa kuko kitu cha kuogopa katika filme hii, ni kwamba wasichana watangoja Kazehaya. Tuliwaambia wangoje diploma kwanza. Walicheka, hawakuahidi.

Hatutasema filme haina makosa. Tumeshaangalia musimu wa pili peke yetu, na pale mama wa makala atakuwa na haki kuliko sasa. Unaanza na tarehe 14 mwezi wa 2, siku yenye wasichana wa Japani wanapea wavulana chokoleti. Sawako ametayarisha yake na hathubutu kumupa Kazehaya. Kutoka hapo kunazaliwa kutoelewana kwenye kunavutwa sawa kamba, na kijana mupya, Kento Miura, anaingia katikati na mashauri yenye yanaharibu zaidi. Mara mbili tulitaka kuingia ndani ya televizyo na kuwashika mikono wote wawili. Lakini wakati neno linatoka, linatoka, na hatutawaambia namna gani.

Tunaanza musimu huo Siku ya Posho yenye inakuja, saa nane ya muchana, pahali pale pale, kama umeme unakuwa. Kila mumoja alete kiti chake, juu mara ya mwisho wamama saba walikaa chini. Mama wa makala ametuma mutoto kutuuliza kama kijana atasema mbele ya jua kuzama, ili ajue kama alete bukari yenye imeshapikwa. Tumemujibu alete.